Seva Iliyokufa Isaka

Rangi ya buluu ilikuwa imepakwa harakaharaka, na mtu asiyejali. Inspekta Zipora Ngassa alichuchumaa mbele ya pipa, akatoa ufunguo wa Landrova mfukoni, akaanza kukwangua. Chini ya buluu ilitokea nyeupe. Chini ya nyeupe kilitokea kitu cheusi. Alikwangua polepole, pua ameigeuzia pembeni, mpaka fuvu la mtu likamkodolea macho yake matupu, na chini yake namba za bohari.

"Lione," alisema.

Koplo Athanas, dereva na msaidizi wake, aliinama, akalitazama, kisha akaenda nyuma ya zizi kutapika.

Hakuwa na kosa. Katika boma lile la Mwabusiga mbuzi walikuwa wamelala chali, matumbo yamekaza kama ngoma, inzi wamewafunika macho na midomo. Hewa ilinuka kiasi cha kushika ulimi. Siku iliyotangulia, mke wa Maduhu, mwenye boma, na binti yake walikuwa wamezikwa pale pale nyuma ya nyumba. Maji waliyoyanywa yalichotwa katika pipa hilo. Maduhu mwenyewe alikuwa amelinunua mnadani, akalileta kwa mkokoteni wa ng'ombe huku akiimba njia nzima, kwa kuwa mkewe asingeenda tena lamboni kila asubuhi.

Lakini kijijini hakuna aliyezungumza habari za pipa. Walizungumza habari za uchawi wa Mageni, mama yake Maduhu, bibi kizee ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia kwa mavi ya ng'ombe. Zipora alipofika mara ya kwanza, sungusungu, walinzi wa jadi, walikuwa wameshamtoa mafichoni na kumfunga kamba. Sasa bibi alikuwa kwenye benchi la kituo cha polisi, amejifunika kaniki, hali wala hasemi.

"Baba, pole sana," Zipora alimwambia Maduhu. "Umeliona hili fuvu? Pipa hili lilibeba sumu ya kusafishia dhahabu. Sayanaidi. Mama yako hahusiki."

Maduhu alilitazama pipa, akatikisa kichwa. "Afande, pipa ni chuma. Chuma hakiui mtu mpaka kitumwe na mtu."

"Aliyelituma nitakuletea."

"Mlete basi, na aseme mwenyewe. Karatasi zenu za polisi hapa hazisomwi. Mama akirudi kabla ya hapo, mimi sitawazuia watu."

Alisema hivyo bila kupepesa.

*

Mapipa ya sayanaidi yalifika Isaka kwa treni, yakapakuliwa katika bohari ya kampuni ya usafirishaji ya Bwana Hasnain, kisha yakapandishwa malori kwenda migodini. Yakishatumika, yalirudi bohari hiyo hiyo yakiwa matupu, yaoshwe kwa dawa na kupondwapondwa. Hakuna hata moja lililoruhusiwa kutoka nje ya lango likiwa zima.

Meneja wa bohari, Donatus, alimpokea Zipora ofisini akiwa amevaa suti ya Kaunda iliyonyooshwa vizuri, ananukia marashi. Mezani alikuwa na sahani ya mayai ya kuchemsha na chumvi kwenye kipande cha gazeti.

"Karibu yai, afande."

"Nimetoka kwenye msiba."

"Nimesikia. Poleni." Alimenya yai. "Ndiyo maana siku zote nasema, cha bure kinaua."

"Nieleze. Na unieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kompyuta."

Donatus alielekeza kidole kwenye mashine ya rangi ya maziwa iliyokuwa ikivuma kwenye kona. "Ile ni seva. Ndiyo kompyuta mama, zingine zote zinaitegemea. Mlinzi wa lango hafungui mpaka seva itoe kibali cha pipa lenye namba fulani. Na mapipa matupu haiyatolei kibali kamwe. Sasa mwezi wa tatu tukataka kuipa seva mfumo mpya. Mfumo wenyewe unaitwa Linux. Kuna Linux ya bure, unanakili tu sidii ya rafiki yako, lakini ikikuharibikia huna wa kumuuliza. Na kuna hii." Alipapasa kasha zuri la karatasi ngumu lililokuwa rafuni, lenye picha ya ndege mnene mweusi na mweupe. "Hii ina mwenyewe. Unailipia, unapewa namba yako, ukikwama unapiga simu Dar es Salaam, mtu anakujibu."

"Mkachagua ipi?"

"Fundi wetu, Abel Mabula, akang'ang'ania ya bure. Na Bwana Hasnain kwa cha bure ni kama inzi na kidonda. Akakubali. Haya, wiki moja baada ya Pasaka seva ikafa. Kimya! Malori yamepanga foleni mpaka relini. Nikaamuru lango lifunguliwe kwa mdomo. Katika vurugu hiyo vibarua wakapitisha mapipa matupu, wakayauza huko wanakojua wao. Ningewaonaje?"

"Abel alisema nini?"

"Abel alikuwa ameshatoroka! Aliondoka hapa Alhamisi Kuu baada ya kugombana na mimi. Muulize mlinzi. Aliapa langoni kwamba tutamlilia. Na disketi ya kazini akaondoka nayo." Alichovya yai kwenye chumvi, akalitia lote mdomoni.

Zipora alisubiri ameze. "Na hii ya kununua iliingia lini?"

"Baada ya maafa. Seva ilipokufa ndipo nikaagiza kasha hili haraka. Tangu tuiweke, hatujalia tena."

"Ile iliyokufa iko wapi?"

Donatus alifungua mtoto wa meza, akatoa diski nzito ya chuma iliyofungwa katika nailoni. "Hii hapa. Nimeitunza kama ushahidi. Siku mtakapomfikisha Abel mahakamani, mimi ni shahidi wa kwanza." Alilamba chumvi vidoleni, kimoja baada ya kingine.

Zipora aliinuka. Kabla ya kutoka alilichukua kasha, akaligeuza, akamsomea Athanas namba ya simu iliyoandikwa ubavuni. Donatus alitabasamu. Alidhani afande anataka kununua.

*

Walimkuta Abel Mabula huko Nyarugusu, kwenye madimbwi ya kuoshea mchanga wa dhahabu, chini kidogo ya maduara, yale mashimo ya kuchimbia. Maji yalikuwa ya rangi ya kutu, na wachimbaji walikuwa wakikanda mchanga na zebaki kwa mikono mitupu. Kando yao mtu alikuwa akiichoma zebaki kwenye kikaango, moshi wake ukimpita mama mmoja aliyekuwa akimnyonyesha mwanawe. Zipora alifunika pua kwa leso. Nchi nzima, aliwaza, imeamua kunywa sumu.

Abel alikuwa kijana mwembamba, ana matope mpaka magotini. Alipoziona sare hakukimbia. Alinawa mikono.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Unajua kilichotuleta?"

"Donatus atakuwa kasema nimeiba disketi." Alitoa mfukoni kifuko cha nailoni kilichofungwa kwa mpira. Ndani mlikuwa na disketi moja. "Hii niliitengeneza mwenyewe. Ni ya kuamshia seva ikigoma kuwaka. Aliponifukuza nilitaka kumwachia. Akasema nitoke na uchafu wangu."

"Alikufukuza? Yeye anasema ulitoroka."

"Alinifukuza Alhamisi Kuu. Niliiacha seva inafanya kazi. Mlinzi ni shahidi, malori yalikuwa yanapita."

"Mlinzi anasema uliapa kwamba watakulilia."

Abel aliinamisha kichwa. "Nilisema. Nilikuwa na hasira, afande."

Ilikuwa hapo tu, kesi nyepesi kuliko zote alizowahi kuzipata: kijana mwenye hasira, disketi mfukoni, kiapo mbele ya shahidi. Zipora aliizungusha disketi mkononi.

"Kwa nini uling'ang'ania Linux ya bure?"

"Kwa sababu ya simu. Isaka mvua ikinyesha laini inakufa. Utamlipa mtu wa Dar akusaidie, utampataje? Hii ya bure naifungua mpaka utumbo wake nauona. Ikiharibika nairekebisha mwenyewe." Alifikiri kidogo. "Lakini sisemi ile ya kununua ni mbaya. Ni Linux ile ile, afande. Unacholipia ni mtu wa kukujibu. Bohari ingekuwa mjini penye simu nzuri, na mimi ningenunua."

"Wewe ukikwama unamuuliza nani?"

"Nikienda Mwanza nawaandikia wenzangu wa ng'ambo kwa barua pepe. Wakipenda wanajibu."

"Kwa hiyo ukifanya ubaya, hakuna wa kukusema."

"Hakuna," Abel alikiri, sauti imeshuka.

Zipora alimfunga pingu, akampandisha nyuma ya Landrova. Athanas aliwasha gari huku akifurahi. "Tumemaliza kazi, afande. Bibi arudi nyumbani."

Gari liliruka mashimo mpaka barabara kuu, likashika njia ya Kahama. Maneno ya kijana yule yalikuwa yamemkaa Zipora kichwani kama jiwe ndani ya kiatu. Unacholipia ni mtu wa kukujibu. Abel hakuwa na wa kumuuliza, kwa hiyo Abel hakuwa na shahidi, wa kumtetea wala wa kumwangusha. Lakini Donatus alikuwa amenunua mtu wa kumjibu. Na mtu akishajibu, anakumbuka alichoulizwa.

"Tukifika Kahama, simama posta," alisema.

*

Simu ya Dar ilipatikana baada ya kukatika mara kadhaa. Sauti ya mwanamke ilitokea, changamfu.

"Huduma kwa wateja, Priya anaongea. Nikusaidie nini?"

Zipora alijitambulisha. Uchangamfu ukapungua, lakini adabu ilibaki. Ndiyo, Bwana Donatus wa Isaka ni mteja wao. Ndiyo, anamkumbuka vizuri.

"Alikupigia lini mara ya kwanza?"

"Jumatatu ya Pasaka. Nilikuwa peke yangu ofisini, wenzangu Wakristo wote wako mapumziko. Nikamtania, nikamwambia, Bwana Donatus, wewe husherehekei? Akasema sikukuu yake ni kazi."

Zipora alishika mkono wa simu kwa nguvu. "Mtu anaweza kupiga huko bila kununua kasha lenu?"

"Hapana. Lazima anisomee namba ya kasha kwanza. Alinisomea, ilikuwa sahihi."

"Akauliza nini?"

"Akasema wanahamisha ofisi, na seva yao ya zamani anaogopa isiibwe na kutumiwa. Akataka kujua jinsi ya kuifanya isiwake kabisa, hata fundi aone kama imekufa, lakini vilivyomo visipotee. Nikamweleza. Mwanzoni mwa diski kuna sehemu ndogo inayoamsha mfumo. Ukiifuta hiyo tu, mashine haiamki. Vingine vyote viko salama. Mtu mwenye disketi ya kuamshia anaweza kuiwasha tena."

"Hukushangaa?"

"Nilishangaa, dada. Wateja wote huuliza jinsi ya kuiamsha. Yeye peke yake aliuliza jinsi ya kuilaza. Kwani kuna nini? Nimefanya kosa?"

"Wewe ulijibu ulichoulizwa. Lakini kuna watu wawili wamekufa, Priya. Utayasema haya mbele ya hakimu?"

Kwa muda Zipora alidhani laini imekatika tena.

"Nitasema," sauti ikarudi, nyembamba.

*

Asubuhi iliyofuata, Donatus alipomwona Abel akishuka garini na pingu mikononi, aliupanua mlango wa ofisi kama mwenye karamu. "Mungu si Athumani! Afande, wewe ni mtu wa kazi. Naagiza chai?"

"Agiza diski ile uliyonitunzia."

Iliwekwa mezani. Zipora alimfungua Abel pingu. Tabasamu la Donatus lilibaki usoni, ila macho yake yalihama.

"Ifunge kwenye mashine," Zipora alimwambia Abel. "Kwanza bila disketi yako."

Abel aliizima seva, akaifungua, akabadilisha diski. Bisibisi ilimponyoka, akaiokota. Alipowasha, mashine ilivuma, kioo kikabaki cheusi.

"Si nilisema?" Donatus alicheka. "Maiti hiyo!"

"Sasa weka disketi."

Disketi ilikoroma ndani ya mashine. Kioo kilikaa kimya kwa muda mrefu kiasi kwamba hata Athanas alianza kukohoa. Kisha mstari mmoja wa maandishi meupe ukatokea. Mwingine ukaufuata. Yakaanza kumiminika, yakapanda juu kioo kizima, mpaka yakasimama mahali pamoja, na seva ikauliza kwa utulivu: nani anaingia?

Abel aliandika jina lake. Ikampokea. Kila kitu kilikuwamo.

"Sikuiharibu," alisema, kama anayejisemea. "Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba niliiharibu."

Zipora alimgeukia meneja. "Ulisema seva ilikufa wiki moja baada ya Pasaka, ndipo ukaagiza kasha lile. Jumatatu ya Pasaka ulikuwa umeshalishika mkononi, unamsomea Priya namba yake. Mgonjwa mzima, anatembea, na wewe sanda umeshainunua. Ulimfukuza fundi ili asiwepo wa kuiamsha. Ulimuuliza Priya jinsi ya kuilaza. Ukafungua lango kwa mdomo. Halafu ukaleta Linux ya kununua, uonekane mkombozi, na ya bure ibebe laana."

"Afande, tuzungumze kama watu wazima."

"Zungumza."

Donatus aliketi. Jasho lilikuwa limeyashinda marashi. "Ni mapipa matupu tu. Kuyaosha na kuyaponda ni hasara tupu, na wanavijiji wanayapenda. Sikumlazimisha mtu. Na niliyapaka rangi vizuri."

"Kwa nini uliyapaka rangi?"

Donatus alijipangusa shingo kwa leso.

"Nimekuuliza, Donatus."

"Lile fuvu," alisema hatimaye. "Wanunuzi wangeogopa."

Koplo Athanas alitoka nje. Zipora alibaki, akimtazama mtu yule kama unavyotazama kitu ulichokikanyaga gizani. Alikuwa amewahi kuwakamata wauaji waliolia, na wengine waliojivuna. Huyu alikuwa anaona haya kidogo tu, kama mtu aliyekutwa akijikuna mahali pasipofaa.

"Wengi wao huyaosha kwanza," Donatus aliongeza, akijaribu kusaidia.

"Yalikuwa mangapi?"

"Sikuyahesabu."

"Uliyauza mnada gani?"

"Yote. Popote palipokuwa na mnada."

Abel alikuwa amesimama karibu na seva, bisibisi bado mkononi. "Afande," aliuliza polepole, "waliokufa ni akina nani?"

Tangu habari ya msiba imfikie, Donatus hakuwa ameuliza.

*

Redio ya polisi ilipeleka habari kila kituo kuanzia Kahama hadi Geita, lakini Zipora alijua redio haifiki mabomani. Alimpandisha Donatus nyuma ya Landrova, mkono mmoja umefungwa pingu kwenye bomba la turubai, akamshikisha kipaza sauti cha mkono. Donatus alizaliwa Ngokolo, mjini Shinyanga. Kisukuma alikijua kama jina lake.

"Utasema mwenyewe," Zipora alimwambia. "Mapipa ya buluu ni sumu. Aliyeyauza ni wewe."

"Wataniua!"

"Mimi na koplo tutakulinda. Ndiyo kazi yetu, kwa bahati yako mbaya na yetu."

Siku hiyo nzima walizunguka. Mahali pamoja mwanamke alimwaga maji ya pipa huku analia, kwa kuwa alikuwa amewanywesha ndama wake tangu alfajiri na walikuwa wameanza kuyumba. Kwingine walikuta pipa limetumika kuchachushia pombe ya harusi. Wenyewe walikataa katakata kuimwaga, mpaka Athanas alipolipindua kwa teke. Mtu alimrushia Donatus bonge la kinyesi cha ng'ombe likampata shingoni. Hakuwa na mkono wa kujifuta, na hakuna aliyemfutia.

Mwabusiga walifika jua limepungua makali. Zipora alikuwa amempitia Mageni kituoni. Bibi alikaa kiti cha mbele, kaniki mpaka puani. Sungusungu walikuwa wamekusanyika, pinde mabegani. Maduhu alisimama mbele yao.

"Nilisema nitamleta," Zipora alimwambia.

Donatus aliinua kipaza sauti. Sauti ilikuwa imemkauka, lakini kila mtu alisikia. Alisema kwa Kisukuma kwamba pipa lilikuwa na sumu, kwamba alijua, kwamba alilifunika fuvu kwa rangi ili linunuliwe. Zipora akamwambia aendelee, na yeye akasema: bibi hakuroga mtu. Ni mimi.

Mkuu wa sungusungu aliutua upinde wake chini. Baadhi ya wanaume waligeukia upande wa makaburi, wengine wakatazama miguu yao. Watu wale wale waliokuwa wamemfunga bibi kamba sasa walikuwa wakiguna, "Aa, tulijua, tulijua," na Zipora aliposikia hivyo, kinyaa alichokuwa akikimeza tangu asubuhi kilimpanda tena mpaka kooni. Donatus alikuwa mmoja tu.

Maduhu alisogea kwenye dirisha la gari.

"Mayu," alimwita mama yake. "Shuka. Twende nyumbani."

Mageni aliishusha kaniki. Macho yake mekundu yalimtazama mwanawe, bila hasira.

"Usiku ule nilijificha kwenye ghala la mtama," alisema. "Mahali pale nilimwonyesha mtu mmoja tu duniani. Ulikuwa mdogo, tukijificha mvua ya mawe, mimi na wewe. Waliponijia, hawakutafuta. Walikuja moja kwa moja."

Maduhu alirudi nyuma hatua moja.

Bibi alimgeukia Zipora. "Mwanangu, nina kaka yangu kule Salawe. Ni mbali?"

"Si mbali, mayu."

"Nipeleke."

Zipora alifunga kioo cha dirisha, akamwashiria Athanas. Gari liligeuka bomani, likapita katikati ya watu waliokuwa wakijipanga kutoa pole, na hakuna aliyepata nafasi ya kuitoa.